SOMO: KUONJA MVINYO WA WATENGENEZAJI WADOGO WA AUSTRALIA



Somo la safari hii linawahusu hasa wenzetu wa mahoteli, mabaa, maghala ya vinywaji na viwanda vya mvinyo. Lakini hata mwanachama wa reli au wa posta akilisoma hatapoteza wakati wake, kwani ndani yake mna habari za kazi, za bei na za haki.

Mhudumu wa meza hubeba chupa ambayo huenda bei yake ikazidi mshahara wake wa wiki nzima. Mgeni humuuliza, "Mvinyo huu ukoje?" Mhudumu akikosa jibu, jibu hutolewa na meneja, na sifa huenda kwa meneja, na baadaye nyongeza ya mshahara vilevile. Ujuzi ni mali ambayo mwajiri hawezi kuifungia stoo. Ndiyo maana tunasema kuonja mvinyo si anasa ya matajiri. Ni ufundi, kama ufundi wa waonjaji wa kahawa wa Moshi na wa chai wa Mombasa, ambao huvuta kijiko kwa sauti, hutema, kisha huandika, na neno lao hupandisha au hushusha bei ya mkulima.

Tumechagua Australia kwa sababu chupa zake huandikwa wazi, na kwa sababu nchi hiyo ina watengenezaji wadogo wengi wanaojaribu mambo mapya. Tukielewa chupa zao, tutaelewa na za wengine.

1. HISTORIA KWA KIFUPI

Mzabibu si mti wa asili wa Australia. Vipandikizi vya kwanza viliingia Sydney mwaka 1788 pamoja na meli za wafungwa kutoka Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 James Busby alikusanya vipandikizi vya aina nyingi huko Hispania na Ufaransa akavipeleka. Mwaka 1842 walowezi Wajerumani walianza kukaa bonde la Barossa, katika jimbo la Australia Kusini, na mizabibu waliyoipanda katika miaka hiyo mingine ingali inazaa hadi leo. Mdudu anayeitwa filoksera, aliyeangamiza mashamba ya Ulaya na kuonekana Geelong, jimbo la Victoria, mwaka 1877, hakuingia Australia Kusini. Kwa hiyo baadhi ya mizabibu mikongwe kabisa duniani iko huko.

Leo nchi hiyo ina watengenezaji zaidi ya 2,000. Makampuni makubwa machache hutoa sehemu kubwa ya mvinyo wote, na wengi waliobaki ni wadogo: mume na mke, ndugu wawili, au mtu mmoja aliyekodi pembe ya ghala la mwenzake. Wengine hawana hata shamba, hununua zabibu tani chache kwa jirani. Tani moja ya zabibu hutoa kiasi cha lita 700, yaani chupa 900 na ushei. Anayesindika tani 10 ana chupa zisizofika 10,000 za kulisha familia yake mwaka mzima.

Wapo walioanza hivyo wakasikika mbali. John Kirk, mwanasayansi wa serikali, alipanda mizabibu huko Murrumbateman karibu na Canberra mwaka 1971, mahali ambapo wengi waliona pana baridi mno. Shamba lake aliliita Clonakilla. Mwanawe Tim alizuru bonde la Rhône nchini Ufaransa mwaka 1991, akaonja mvinyo wa Shiraz uliochanganywa na zabibu nyeupe kidogo za Viognier, na kuanzia mavuno ya 1992 wakafanya hivyo kwao. Mchanganyiko huo umeigwa na wengi.

Na tusisahau kwamba hata ndani ya kampuni kubwa aliyeleta jambo jipya alikuwa mwajiriwa. Max Schubert aliingia Penfolds mwaka 1931 akiwa tarishi. Mwaka 1951 alitengeneza mvinyo wa majaribio alioupa jina la Grange. Walioonja waliudharau, na mwaka 1957 wakubwa wakamwamuru aache. Schubert aliendelea kwa siri, hata amri ile ikaondolewa mwaka 1960, na sasa chupa hizo ni fahari ya nchi. Mfanyakazi aliijua kazi yake kuliko baraza la wakurugenzi.

2. JASHO LILILOMO NDANI YA CHUPA

Zabibu huvunwa kati ya Februari na Aprili, mara moja kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili. Kwa hiyo mtengenezaji wa Australia aliyefanya kazi miaka 30 amepata nafasi 30 tu za kujaribu. Akikosea mwezi wa Machi, husubiri hadi Machi nyingine.

Sehemu kubwa ya zabibu za nchi hiyo huvunwa kwa mashine, mara nyingi usiku kungali na baridi. Wadogo wengi bado huvuna kwa mikono. Zabibu nyeupe hukamuliwa kwanza, na maji yake peke yake huachwa yachachuke. Zabibu nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake, kwani rangi na ukakasi vimo katika ganda. Hamira hula sukari na kutoa kileo, joto na hewa ya kaboni dayoksaidi. Baada ya hapo mvinyo hukaa katika tangi la chuma, chombo cha saruji, au pipa la mwaloni. Pipa la kawaida la lita 225 hujaza chupa 300.

Hapa pana jambo la usalama ambalo kila mfanyakazi wa kiwanda cha mvinyo lazima alijue. Lita moja ya maji ya zabibu ikichachuka hutoa zaidi ya lita 40 za hewa hiyo. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hulala chini ya tangi au sakafuni mwa ghala. Anayeingia tangini bila kipimo, bila mwenzake mlangoni na bila hewa safi kupulizwa ndani, anaweza kuanguka kabla hajapiga kelele. Anayeruka ndani kumwokoa huanguka pia. Mdogo au mkubwa, mwenye kiwanda asiyetoa kipimo hana ruhusa ya kumtuma mtu tangini.

3. MAANDALIZI YA DARASA

Watu 12 hadi 15 wanatosha. Chupa ya mililita 750 hugawanywa mafungu 15 ya mililita 50, hivyo hakuna haja ya kila mtu kununua yake. Changeni. Panapokosekana chupa za Australia, tumieni za Dodoma au za nchi nyingine yoyote, kwani hatua ni zilezile.

Tafuteni chumba chenye mwanga wa mchana na kitambaa cheupe mezani. Asije mtu amejipaka manukato, wala jiko lisikaange vitunguu karibu. Kila mmoja awe na glasi safi yenye tumbo na mdomo mwembamba kidogo, maji ya kunywa, mkate mkavu, kalamu, na kopo la kutemea. Mvinyo mweupe uwe baridi ya nyuzi 8 hadi 12, mwekundu nyuzi 14 hadi 18. Katika miji yetu ya joto mwekundu nao huhitaji robo saa ya friji, maana ukiachwa mezani kwenye nyuzi 30 hutoa harufu ya kileo tu.

Anzeni na mweupe kabla ya mwekundu, mwepesi kabla ya mzito, mkavu kabla ya mtamu. Zifungeni chupa kwa magazeti ili lebo zisionekane. Lebo nzuri hudanganya ulimi.

Kutema si utovu wa adabu. Ni desturi ya kazi. Na mwanachama ambaye dini yake au afya yake hairuhusu kileo asilazimishwe kuonja na mtu yeyote, awe mwalimu au mwajiri. Kwa macho na pua peke yake atajifunza sehemu kubwa ya somo hili.

4. HATUA NNE

Kwanza, tazama. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Mweupe mchanga huwa na rangi ya maji ya ndimu, na ukizeeka huelekea dhahabu. Mwekundu mchanga huwa na zambarau ukingoni, na ukizeeka huelekea rangi ya tofali. Ukungu si lazima uwe kasoro, kwani watengenezaji wadogo wengi, hasa wa Adelaide Hills, hawachuji mvinyo wao.

Pili, nusa. Nusa glasi ikiwa imetulia, kisha izungushe na unuse tena. Usitafute majina makubwa ya vitabuni. Tumia yale uliyokua nayo: ndimu, zambarau, pera, majani makavu, udongo ulionyeshewa, karafuu, pilipili manga. Harufu hizi si ndoto za walevi. Mwaka 2008 wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia, iliyoko Adelaide, walieleza kwamba harufu ya pilipili manga ndani ya Shiraz hutokana na rotundoni, kitu kilekile kilichomo ndani ya pilipili manga yenyewe. Na harufu ya karafuu itokayo kwenye pipa la mwaloni lililochomwa ni yujenoli, ndiyo hiyohiyo ya karafuu za Unguja na Pemba.

Tatu, onja. Chukua funda dogo, vuta hewa kidogo juu yake, lipitishe kinywa kizima. Jiulize mambo manne. Utamu upo au haupo? Uchachu je, mate yanajaa kama umeng'ata embe bichi? Ukakasi je, ufizi unakauka kama umekula bibo au chai ya rangi iliyokolea? Kileo nacho, kinaunguza koo?

Nne, tema na uhesabu. Ladha inakaa sekunde ngapi? Mvinyo wa kawaida hutoweka upesi. Mvinyo mzuri hubaki, na unapobaki hubadilika. Kisha jiulize kama vitu vyote vinne vimelingana, au kimoja kimewapiga teke wenzake.

Kila mtu aandike peke yake kabla ya kusema. Mwenyekiti asizungumze wa kwanza. Tumeona mara nyingi kwamba mkubwa akisema "ndimu", chumba kizima hunusa ndimu.

5. CHUPA SITA ZA KUJIFUNZIA

Riesling ya Clare Valley, kaskazini ya Adelaide. Ni mkavu, mwepesi, una ndimu na uchachu mkali. Jeffrey Grosset, aliyeanza kiwanda chake huko mwaka 1981, ni mfano wa mdogo aliyebaki mdogo na bado akaheshimiwa. Wenyeji wa bonde hilo walishirikiana katika mavuno ya 2000 kuacha kizibo cha gome na kutumia kifuniko cha kuzungusha, kwa kuwa vizibo vibovu viliharibu kazi yao. Walichekwa, lakini leo chupa nyingi za nchi hiyo zina kifuniko hicho. Riesling ikizeeka hutoa harufu ya mafuta ya taa. Mgeni asikutishe, ni tabia yake.

Semillon ya Hunter Valley, kaskazini ya Sydney. Zabibu huvunwa mapema, na kileo huwa asilimia 10 au 11 tu. Ukiwa mchanga hauna makuu. Baada ya miaka kumi hunukia asali na mkate uliochomwa, ingawa haukuwekwa katika pipa.

Fiano ya McLaren Vale au Adelaide Hills. Hii ni zabibu ya kusini mwa Italia inayostahimili joto. Wadogo ndio walioikimbilia mapema, kwani ukame unazidi na maji ya kumwagilia yana bei.

Pinot Noir ya Yarra Valley au Tasmania. Mwekundu mwepesi, wenye stroberi na udongo wa mvua. Ni zabibu ngumu kulima, na hapa ndipo uvivu wa mtengenezaji huonekana upesi.

Grenache ya McLaren Vale. Kwa muda mrefu ilidharauliwa na kutumiwa katika mivinyo mitamu ya bei nafuu, na mizabibu mingi mikongwe iking'olewa. Vijana waliinunua kwa bei ndogo, wakaivuna mapema kidogo, na thamani yake ikapanda.

Shiraz ya Barossa. Mzito, mweusi, wenye zambarau na viungo. Ukinusa nazi, pipa lake huenda lilikuwa la mwaloni wa Marekani. Linganisha na Shiraz ya Canberra, iliyo nyembamba na yenye pilipili manga zaidi. Ni zabibu moja, lakini hewa ni mbili.

Mkishamaliza fungueni magazeti msome lebo. Kwa sheria ya Australia, ikitajwa aina ya zabibu, mahali au mwaka, angalau asilimia 85 ya mvinyo lazima itokane na hicho kilichotajwa.

6. KASORO

Mhudumu anayejua kasoro humwokoa mgeni, na hujiokoa mwenyewe asikatwe mshahara kwa chupa iliyorudishwa. Gunia lililolowa au karatasi zilizovunda: kizibo ni kibovu. Siki au rangi ya kucha: bakteria wameingia. Tofaa lililokatwa likageuka rangi: hewa imeingia. Yai viza: salfa, na mara nyingine hutoweka ukiuzungusha. Zizi la farasi: hamira ya mwituni, wengine huipenda kidogo.

Ya mwisho ni majivu baridi, kama kisahani cha sigara. Hiyo ni alama ya moto wa misitu. Moto wa Cudlee Creek, ulioanza tarehe 20 Desemba 2019, uliteketeza mashamba mengi ya Adelaide Hills. Hata zabibu zisizoungua huweza kunyonya moshi. Moshi hujificha ndani yake ukiwa umeshikana na sukari, kisha huachiliwa wakati wa kuchachuka na hata mdomoni mwa mnywaji. Mtengenezaji mdogo aliyekumbwa hivyo hana shamba jingine la kukimbilia.

7. ALAMA NA MEDALI

Katika maonyesho ya Australia waamuzi huonja bila kuona lebo. Kwa miaka mingi walitumia alama 20: rangi 3, harufu 7, ladha 10. Mvinyo wa alama 15.5 ulipata shaba, 17 fedha, 18.5 dhahabu. Siku hizi wengi hutumia alama 100, na dhahabu huanzia 95. Sisi tutumie 20, ni rahisi kwa darasa.

Lakini medali si kila kitu. Kuingiza chupa katika mashindano ni gharama, na wadogo wengi hawaingizi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo tunapomtafuta mdogo anayetia matumaini tuangalie mambo matatu: mvinyo wake ni safi mwaka hadi mwaka, una ladha ya mahali ulipotoka, na bei yake haiendi mbio kuliko ubora wake.

8. KINACHOWASONGA WADOGO NA WANAOWAFANYIA KAZI

Mwaka 2020 China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa mvinyo wa Australia, iliweka ushuru, na Machi 2021 ukathibitishwa kwa kiwango kilichofikia zaidi ya asilimia 200. Uliondolewa Machi 2024. Katika miaka hiyo maghala yalijaa, na wakulima wa Riverland, kando ya mto Murray, waliona bei ya zabibu nyekundu ikishuka chini ya gharama ya kuzilima. Makampuni makubwa yalihamishia mauzo nchi nyingine. Mkulima hakuweza kuhamisha mzabibu.

Serikali hutoza kodi ya asilimia 29 ya bei ya jumla ya mvinyo, na humrudishia mtengenezaji sehemu yake hadi kikomo fulani. Kwa wadogo wengi marudisho hayo ndiyo tofauti ya kuendelea na kufunga.

Hata hivyo tusiseme kwamba mdogo daima ni mwema. Mashambani hufanya kazi vijana wasafiri, na watu wa Vanuatu, Tonga, Samoa na Timor-Leste walioitwa kwa msimu. Novemba 2021, kwa ombi la chama cha Australian Workers' Union, Tume ya Fair Work iliamua kwamba mvunaji wa matunda na mboga anayelipwa kwa kipande ahakikishiwe kima cha chini cha saa, na uamuzi huo ukaanza Aprili 2022. Mashamba ya mvinyo yana mkataba wake wa sekta. Mtengenezaji anayetuomba huruma kwa udogo wake naye aonyeshe anavyomlipa mvunaji wake. Bei ndogo ya mkulima na mshahara mdogo wa mvunaji hutoka katika shina moja.

9. KIASI

Chupa moja ya asilimia 13.5 ina kiasi cha gramu 80 za kileo safi, na Australia huhesabu gramu 10 kuwa kipimo kimoja. Chupa hiyo basi ni vipimo 8. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara kabisa. Mhudumu anayelipwa kwa bilauri badala ya fedha anaibiwa mara mbili, mfukoni na mwilini. Tukatae malipo ya namna hiyo popote yanapojitokeza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mimineni glasi tatu, mbili za mvinyo mmoja na moja ya mwingine. Wangapi wameitambua iliyo tofauti? Anayebahatisha hupata mara moja katika tatu. Darasa lenu limezidi hapo?

2. Elezeni mvinyo mmoja kwa maneno matano ambayo mgeni wa kijijini kwenu angeyaelewa.

3. Katika kazi yenu, chupa iliyorudishwa na mgeni hulipwa na nani? Mkataba wenu unasemaje?

4. Mkulima wa zabibu, mtengenezaji mdogo na mvunaji wana mambo gani yanayowaunganisha, na yapi yanayowatenganisha?

5. Mwanachama aliyejifunza kuonja adai nini katika mazungumzo yajayo ya mishahara: cheo, posho, au cheti kinachotambuliwa na waajiri wote?

Majibu ya swali la tatu na la tano yaandikwe na katibu wa tawi, yaletwe kwenye mkutano.